Ukate nini kwanza: kuchagua vipande vya majaribio kwa mashine ndogo ya CNC

Mtu akimaliza kufunga mashine yake ya kwanza ya CNC, ile ndogo ya kukaa mezani inayokata na kuchonga kwa kufuata faili la kompyuta, swali lake la kwanza huwa "mbona haisogei?" Likipatiwa ufumbuzi hilo, la pili linafuata palepale: "Sasa nianze kukata nini?" Nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe, na mara moja nikiwa nimening'inia kwenye daladala. Leo naliandika mara moja liishe.

Jibu ambalo wengi hupewa ni "chochote laini". Halitoshi. Kitu laini husamehe makosa, na kinachosamehe pia huficha. Mashine yenye nati iliyolegea itachonga sabuni vizuri kabisa, ukafurahi, kesho yake ukaweka mninga biti (kile kisu kinachozunguka) ikakatika. Ukianza na kigumu nako, kosa dogo la kwenye faili linakula biti kabla hujajua lilikuwa wapi.

Mimi nilianza na kipande cha mninga nilichopewa bure na fundi samani. Nilipanga kina cha 0.5 nikiwa na milimita kichwani. Programu ilikuwa kwenye inchi. Biti ikajaribu kuzama milimita 12.7 kwa mkupuo mmoja ndani ya mninga mkavu, na unaweza kukisia kilichofuata. Nikabadili biti, nikaamini ya kwanza ilikuwa mbovu, nikarudia. Biti mbili kwa asubuhi moja, wakati mche wa sabuni ungenionyesha kosa lile lile kwa bei ya sabuni.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kipande, jiulize leo unataka kujua nini: faili ni sahihi? Vipimo vinatoka sawa? Au unatafuta kasi ya nyenzo fulani? Kila swali lina kipande chake, na kipande cha swali moja kinaweza kukudanganya kwenye swali jingine.

Mwongozo huu ni wa mashine za ukubwa wa 3018: eneo la kazi milimita 300 kwa 180 hivi, mota ya brashi aina ya 775 inayozungusha biti karibu mara 10,000 kwa dakika, koleti ya ER11 (kishikio kinachobana biti), na biti zenye shina la milimita 3.175, yaani nusu ya robo inchi. Kama yako ni kubwa na nzito zaidi, mpangilio ni huu huu, namba tu ndizo utakazoongeza.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kalipa ya kupimia, ya dijitali au ya kawaida. Rula haitoshi, maana tutazungumzia sehemu za kumi za milimita.
- Biti bapa tatu au nne za meno mawili, za bei ndogo, na moja au mbili za jino moja. Zile za ncha kali zilizokuja kwenye boksi ni za kuchora, usizitumie kupimia.
- Ubao wa kafara: MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya milimita 12 inayokaa juu ya meza ya mashine ili biti ikipitiliza ikate huo na si meza.
- Vibano, skrubu fupi, masking tepu na supagluu.
- Miwani ya kazi, barakoa ya N95 au FFP2, brashi, na kifyonza vumbi kama kipo.
- Kalamu ya wino mzito na daftari.
- Vipande vyenyewe: mche wa sabuni ya kufulia, mabaki ya MDF, paini, mti mgumu mmoja, kibao cha plastiki cha kukatia mboga, na kipande bapa cha aluminiamu.

Vingi kati ya hivi ni mabaki ya mafundi. Dar es Salaam utavikuta Keko kwa watengeneza samani, Nairobi, Gikomba. Wanaotengeneza makabati ya jikoni ndio wenye MDF nzuri, wanaotengeneza madirisha ndio wenye aluminiamu. Waombe, wengi huvitupa au huvichoma. Beba kalipa, na chagua vipande vyenye unene ule ule toka mwanzo mpaka mwisho.

Kuna mabaki ya kuacha hata ukipewa bure. Mabodi ya marini yaliyokwisha kutumika kwenye zege yamejaa chembe za saruji na misumari iliyokatika. Mbao za paleti, hivyo hivyo. Jipsam inakatika kirahisi sana, na hapo ndipo ilipo hatari yake: unga wake unasaga, unaingia kwenye beringi na skrubu za mashine na hautoki. Chipubodi ina gundi nyingi, inakula makali, na ukingo wake hubomoka hata mashine ikiwa nzima, hivyo haikuambii chochote. Na chuma cha pua au nondo usifikirie kabisa kwa mashine hii.

Hatua kwa hatua

1. Andika swali. Kwenye daftari, sentensi moja. "Je, mduara wa milimita 30 unatoka milimita 30?" ni swali. "Nione kama inafanya kazi" si swali, utakata kipande ukakitazama ukasema "imekata" na hutakuwa umejua kitu.

2. Kata hewa, kisha chora. Kipande cha kwanza cha majaribio ni hewa. Weka sifuri ya wima milimita 20 juu ya meza, endesha faili lote na utazame. Je, mashine inakwenda upande ulioutegemea? Inagonga kibano? Kisha funga kalamu ya wino kwenye kishikio cha mota kwa mpira wa nywele, ili inepe kidogo ikigusa, tandika karatasi, na uendeshe tena mota ikiwa imezimwa. Karatasi itakuonyesha herufi zilizogeuka, inchi zilizojifanya milimita, na mwanzo wa kazi uliowekwa kona isiyo yenyewe. Gharama yake ni karatasi moja. Wengi wanairuka hatua hii kwa sababu haina kelele wala vumbi, ndiyo maana wanavunja biti.

3. Sabuni au nta: hapa unajaribu umbo. Swali la hatua hii ni kama faili linatoa umbo ulilokusudia katika kina chote. Sabuni ya mche ni nzuri mno kwa kazi hii: inapatikana kila duka, inaonyesha alama ndogo kabisa, na biti ikizama kwa bahati mbaya huwa inapona. Chenga zake unafulia.

Kata kipande cha sentimita nane hivi. Sabuni mpya ina unyevu na inanata, iache kivulini siku mbili tatu. Usiibane kwa nguvu, itapasuka. Izungushie fremu ya vipande vinne vya MDF vilivyopigwa skrubu kwenye ubao wa kafara. Punguza mzunguko wa mota ikiwezekana, maana joto huilainisha. Naanzia mwendo wa milimita 600 kwa dakika na kina cha 1.5. Ukimaliza, futa skrubu ndefu na reli za mashine kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, tia mafuta. Sabuni iliyobaki kwenye chuma inavuta unyevu, na ukiwa Tanga au Mombasa hutahitaji kungoja muda mrefu kuona kutu.

Nta ya mishumaa ni mbadala, na ina faida moja: ukiharibu unayeyusha upya. Iyeyushe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, mvuke wake unashika moto. Mimina taratibu kwenye boksi dogo, itabonyea katikati ikipoa, jazia. Utakutana na ushauri wa kuchanganya nta na plastiki ya mifuko ili iwe ngumu zaidi. Kitaalamu ni kweli, nta ya kuchongea inayouzwa hutengenezwa hivyo. Lakini plastiki hiyo inataka joto kubwa kuliko maji yanavyoweza kutoa, kwa hiyo utakuwa umeacha kinga ya maji na kuishia na sufuria ya nta moto kupita kiasi jikoni. Tena mifuko yenyewe ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019. Acha.

Onyo la hatua hii: usipime usahihi wa vipimo kwenye sabuni au nta. Zinasukumika, zinasinyaa, na hazimpi biti upinzani wowote. Vipimo vizuri kwenye sabuni havina maana yoyote. Povu jeupe la kufungashia friji ni hivyo hivyo, tena baya zaidi kwa sababu punje zake hung'oka na kunata kila mahali.

4. MDF: hapa unapima mashine. Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiharakishe.

MDF haina nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Inakatika sawa ukienda kushoto, kulia, mbele au nyuma, kwa hiyo tofauti utakayoiona ni ya mashine. Ubao wa paini hauwezi kukupa hilo.

Chukua kipande cha milimita 12 na ukate maumbo matatu, yote kwa kina cha jumla cha milimita 3, ukishuka 0.5 kila mpito, mwendo 500 kwa dakika: kitako cha mraba kinachobaki kimesimama, milimita 30 kila upande, shimo la mraba la milimita 30, na shimo la duara la milimita 30. Piga brashi vizuri, maana manyoya ya MDF pembezoni yanaweza kukudanganya. Pima siku hiyo hiyo; MDF hunywa unyevu na kuvimba, hasa pwani. Andika mhimili wa X (kushoto-kulia) na wa Y (mbele-nyuma) kila mmoja peke yake. Sasa soma.

*Kitako ni kikubwa na shimo ni dogo*, mfano 30.2 na 29.8. Biti inaacha nyama pande zote. Ama biti yako ni nyembamba kuliko ulivyoiambia programu, ama inapinda ikisukumwa. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuweka biti ya milimita 3 huku programu ikijua ni ya 3.175, tofauti hiyo peke yake inatoa 30.175 na 29.825. Kuzitenganisha sababu hizo, endesha mpito wa mwisho tena bila kushuka zaidi. Ikichonga unga mpya, ilikuwa inapinda: punguza kina au mwendo. Isipochonga kitu, kapime biti.

*Kitako ni kidogo na shimo ni kubwa.* Biti inakata njia pana kuliko unene wake, yaani inayumba ikizunguka. Angalia koleti. Koleti ya ER inatakiwa iingie kwenye nati kwanza mpaka isikike "tak", kisha nati ndiyo ifungwe kwenye mota. Wageni wengi hutumbukiza koleti kwenye mota halafu wakaja na nati juu yake, ikakaa upande.

*Vyote viwili vimezidi, au vyote vimepungua, kwenye mhimili mmoja tu.* Hapo shuku hatua za mota kwa milimita, yaani namba ya hatua ambazo mota inayosogeza mhimili hupiga ili usogee milimita moja. Lakini usizirekebishe kwa kipimo cha milimita 30, kosa la mkono wako na kalipa linatosha kukupotosha. Sogeza mhimili milimita 150, pima umbali halisi, kisha: namba ya zamani, mara umbali ulioagiza, gawa kwa umbali uliopatikana. Namba ya zamani ikiwa 800, ukaagiza 150 ukapata 150.6, basi 800 × 150 ÷ 150.6 = 796.8. Kwenye bodi yenye GRBL (programu ya ndani inayoendesha mashine) namba hizo zimo kwenye $100, $101 na $102. Hata hivyo, fikiri kabla ya kuigusa: mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 16, kwenye skrubu inayosogea milimita 4 kwa mzunguko, hesabu yake ni 800 kamili. Ukiona inataka 760, huna tatizo la namba. Kuna kiunganishi kinachoteleza au skrubu ya aina nyingine, na ukibadili namba utakuwa umefunika kidonda.

*Duara lina sehemu nne zilizonyooka*, juu, chini, kushoto, kulia. Hizo ni sehemu ambazo mhimili mmoja hubadili mwelekeo, na nati yake inacheza kabla ya kushika. Kaza nati ya shaba yenye springi, au ibadili.

*Sakafu ya shimo ina ngazi ndogo kila mstari*, ukipitisha ukucha unasikia. Mota inayozungusha biti imeinama. Legeza skrubu za kishikio, weka kikaratasi upande mmoja, jaribu tena.

Mwisho kata mraba mkubwa wa milimita 100 na upime pembe kwa pembe. Zote mbili ziwe 141.4. Moja ikizidi nyingine, fremu haijakaa mraba. Legeza boliti, sukuma, kaza.

Vumbi la MDF ni jepesi sana na lina gundi. Shirika la utafiti wa saratani la WHO limeliweka vumbi la mbao kwa ujumla kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995. Barakoa si pambo.

5. Mbao halisi. Mashine ikifaulu MDF, sasa swali ni la nyuzi. Anza na paini, ile inayouzwa kama mbao laini, nyingi kutoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi. Kata mraba ule ule na utazame kingo: mbili zitakuwa safi na mbili zitakuwa na manyoya. Hapo hakuna ubovu, ndivyo mti ulivyo. Paini ina mistari migumu na laini inayopishana, na biti nyembamba hupinda inapogonga mgumu. Hakikisha ubao umekauka. Zile za inchi 1 kwa 8 zinazoshushwa kwenye lori zikiwa mbichi zitakupa vipimo leo na vingine wiki ijayo.

Kisha mti mgumu: mninga, mkongo, mtiki. Punguza kina mpaka 0.4 na mwendo mpaka 350, sikiliza, ongeza kidogo kidogo. Vumbi la mninga linajulikana kwa kuamsha pumu kwa baadhi ya watu, na la mvule huwasha ngozi na pua. Mvule una mtego mwingine: mara nyingine ndani yake mna mawe, chokaa iliyoganda kwenye mti ukiwa hai, na huyaoni mpaka biti iyagonge. Kama kipande cha majaribio, haufai. Mpingo nao uache kwanza. Huzama majini kwa uzito wake, na bei yake si ya kujifunzia.

Plaiwudi ijaribu ukijua utaitumia. Inapasuka usoni, na za bei ndogo zina mapengo ndani.

6. Plastiki. Swali hapa ni joto. Anza na kile kibao cha kukatia mboga, kwa kawaida ni plastiki iitwayo HDPE. Tumia biti ya jino moja, mwendo 600, kina 1. Unachotaka kuona ni chenga zinazoruka. Ukiona nyuzi zinazojisokota kwenye biti, unayeyusha: ongeza mwendo au punguza mzunguko. Wengi hufanya kinyume, wanapunguza mwendo kwa woga, biti inasugua mahali pamoja, joto linazidi. Supagluu haishiki HDPE hata kidogo, kwa hiyo tumia skrubu.

Akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, ifuate, kina 0.4. Vipande viwili vinavyofanana machoni vinaweza kutenda tofauti kabisa, kwa kuwa ile iliyotengenezwa kwa kumiminwa inatoa chenga safi na ile iliyosukumwa kwenye mtambo inayeyuka mapema. Kata mstari mfupi pembeni kwanza, ndipo uamue.

Bodi za saketi za kijani kwa kawaida zina nyuzi za kioo. Vumbi lake usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifyonze au lifute kwa kitambaa kibichi. Za kahawia, zilizotengenezwa kwa karatasi na gundi, ni afadhali kwa kujifunzia na hazimalizi biti haraka.

7. Aluminiamu, mwisho kabisa. Inawezekana kwa mashine hii, kwa uvumilivu. Mabaki ya madirisha mara nyingi ni aloi ya 6063, ambayo ni laini na inapenda kunata kwenye biti, tena mengi ni mabomba yenye kuta nyembamba zinazotetemeka. Tafuta kipande bapa cha milimita 3 au zaidi. Ukipata 6061, bora zaidi. Sufuria ya zamani usiiguse, itaganda kwenye biti kama ugali kwenye mwiko.

Kibandike: masking tepu kwenye ubao wa kafara, masking tepu chini ya kipande, supagluu katikati ya tepu hizo mbili. Biti ya jino moja, mwendo 200, kina 0.1 au chini yake. Tone la mafuta ya cherehani kwa brashi, mashine ikiwa imesimama. Spiriti wanayoshauri wengine sikushauri: mota ya brashi inatoa cheche, na mvuke wa spiriti hausubiri kualikwa.

8. Andika juu ya kipande chenyewe. Tarehe, biti, mzunguko, mwendo, kina. Kwa wino mzito, hapo hapo. Daftari hupotea, picha za simu huzikwa na nyingine elfu. Mimi nina boksi la viatu lililojaa vipande hivi, na nikipata ubao mpya natafuta kwanza ndugu yake humo.

Mambo yanayoharibu jaribio

Kubadili vitu viwili kwa pamoja. Ukibadili biti na mwendo, ukapata matokeo mazuri, hujui nani wa kushukuru.

Kujaribu kwa biti butu "ili nisiharibu mpya". Biti butu inasugua, inapasha, inapinda, na kila kipimo utakachopata ni cha ubutu wake.

Kipande kisichobanwa sawasawa. Kabla ya kubonyeza kitufe, kisukume kwa kidole gumba. Kikisogea kwa kidole, kitasogea kwa biti.

Kuvaa glovu karibu na biti inayozunguka, na kuondoka kwenda kunywa chai mashine ikiendelea. Biti iliyokwama kwenye mbao inasugua mpaka moshi, na moshi ukiachwa unakuwa moto.

Ukikwama

*Mashine inapoteza njia katikati ya kazi, umbo linahama upande mmoja.* Mota inayosogeza mhimili imeruka hatua. Punguza kina kwanza, kisha mwendo. Ikihama hata ikikata hewa, tazama kiunganishi, waya, au mkondo wa umeme uliowekwa kwenye bodi.

*Kingo za mbao zimeungua kuwa nyeusi.* Mwendo ni mdogo kwa mzunguko ulionao. Hesabu ni rahisi: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno, mara unene ambao kila jino linapaswa kung'ata. 10,000 × 2 × 0.03 ni 600. Ukitembea 150 kwa biti hiyo hiyo, kila jino linang'ata 0.0075, yaani halikati, linasugua.

*Kina si sawa kipande kizima, upande mmoja umekatwa na mwingine haujaguswa.* Ubao wa kafara haujasawazishwa. Endesha biti juu yake wote, ukitoa milimita 0.3, ndipo uweke kipande.

*Sauti ilikuwa nzuri, ghafla imekuwa ya kulia.* Simamisha. Angalia kama chenga zimejaa kwenye mfereji au biti imeshuka ndani ya koleti. Alama ya wino kwenye shina la biti, usawa wa nati, itakuonyesha kama imeteleza.

*Aluminiamu imeganda kwenye biti.* Usiendelee. Toa biti, ibandue kwa ncha ya sindano, punguza kina nusu, ongeza tone la mafuta. Biti iliyopoteza makali baada ya hapo ihamishie kwenye sabuni.

*Sabuni inajaa kwenye meno na kuacha uso wenye michirizi.* Bado mbichi. Irudishe kivulini siku mbili. Ukiwa na haraka, chukua mshumaa.